Wale vyura wa kwenye trei: kwani lazima wafe?

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Amani, Usambara Mashariki. Nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Mwaka jana walikuja watafiti huku kwetu nikawabebea mizigo siku tisa. Usiku tunatembea mtoni na tochi za kichwani wanashika vyura, asubuhi naona baadhi wamekufa, wamelazwa kwenye trei kama watu wanaoota jua, wamefungwa kikaratasi mguuni. Nikaambiwa ni wa makumbusho. Sasa mbona mnasema vyura wanaisha duniani afu nyie wenyewe mnawaua? Picha si inatosha? Na hao vyura wanapelekwa wapi, sisi wa huku tunabaki na nini?"

Marahaba kijana wangu, na pole kwa ile mizigo, nayajua mabegi ya watu wa vyura, nusu yake ni madumu ya spiriti na formalini (dawa ya kuhifadhia mwili usioze) na hakuna mzigo mbaya kupandisha mlima kama kitu kinachochezacheza ndani ya dumu.

Nianze na ukweli nisionekane natetea ugali wangu. Ndiyo, tunawaua. Nimefanya hii kazi zaidi ya miaka ishirini na mpaka leo mkono unasita kidogo kabla, na mwanafunzi wangu ambaye mkono hausiti hata siku ya kwanza huwa namwangalia mara mbili. Ila ukiniuliza kama lazima, jibu langu ni mara nyingine lazima, mara nyingine sio lazima kabisa, na kazi yote ya utaalamu ipo kwenye kujua hii ni mara ipi.

Kwanza ngoja nikueleze kile ulichokiona kwenye trei maana naona jamaa walikuacha hewani. Chura akishikwa usiku anakaa kwenye mfuko wake peke yake, na jani bichi na hewa ndani, mfuko mmoja chura mmoja, hawachanganywi kwa sababu ya ugonjwa ambao nitakuja kuusema. Asubuhi anapigwa picha akiwa hai, na hapa pana haraka kweli kweli kwa sababu rangi yake haitadumu, chura wa kijani ukimtia kwenye spiriti ile rangi ya njano ya kwenye ngozi inayeyuka anabaki wa bluu, baadaye anakuwa wa kijivu kama kitambaa kilichofuliwa sana, kwa hiyo anayekuja kumwona miaka hamsini baadaye bila picha hajui kabisa alikuwa na rangi gani. Kisha anawekwa kwenye maji yenye dawa ya usingizi, ile ile wanayolazia samaki, au anapakwa tumboni jeli ya ganzi ya maumivu ya meno. Chura anakunywa kwa ngozi kwa hiyo hahitaji sindano. Dakika chache analegea, ukimgeuza chali hajigeuzi tena, baadaye moyo nao unasimama. Hapigwi wala hachomwi, na ukiona mtu anafanya vingine una haki ya kumuuliza.

Baada ya hapo tunakata kipande cha ini au msuli wa paja, ukubwa wa punje ya mchele, kinaenda kwenye kichupa cha spiriti kali kwa ajili ya vinasaba. Hii lazima ifanyike kabla ya formalini maana formalini ikishaingia mwilini inavikamata vinasaba, kuvitoa tena ni shughuli. Anafungwa lebo yenye namba kwa uzi, chini ya goti. Ndo sasa analazwa kwenye trei juu ya karatasi iliyolowa formalini, na mtu anakaa na kibano anatandaza vidole kimoja kimoja, miguu inakunjwa kama amekaa, kichwa kinanyooshwa, kwa sababu kesho yake atakuwa amekakamaa na pozi hilo ndo atakaa nalo miaka mia na zaidi, ukimlaza hovyo mtu wa mwaka 2120 akitaka kuona utando wa vidole umefika wapi atakulaani. Hao ndo wako waliokuwa wanaota jua. Akishakomaa kwenye formalini siku moja mbili anasuuzwa kwa maji anahamia kwenye spiriti ya asilimia 70, hapo ndo kwake.

Kuna kitu kingine nina uhakika ulikiona ukakipita, daftari. Chura bila daftari ni kitoweo kilichoharibika tu. Ndani yake panaandikwa mahali kwa GPS, mwinuko, saa, joto, alikuwa juu ya jani au chini ya gogo, urefu gani kutoka majini, alikuwa analia au amekaa kimya. Namba ya kwenye daftari ndo ile ile ya mguuni. Niliwahi kukabidhiwa chupa moja kwenye stoo ya taasisi ambayo siitaji, spiriti imekauka yote, lebo iliandikwa kwa peni ya kawaida wino ukayeyuka, ndani vyura kumi na moja wamekauka kama dagaa na hakuna binadamu anayejua walitoka mto gani mwaka gani. Nilikaa nao mezani mchana mzima. Kumi na moja waliokufa bure kabisa, hiyo kwangu ndo dhambi kubwa kwenye hii kazi kuliko ile jeli ya ganzi.

Sasa kwa nini tunahitaji mwili wenyewe na sio picha. Nikwambie kitu kimoja, chura wa kwenye chupa ni shahidi, na shahidi huyu hachoki kuulizwa. Anayemkamata anakuwa na swali lake, lakini maswali mazito mara nyingi yanakuja baadaye, yanaulizwa na mtu ambaye alikuwa hajazaliwa, kwa mashine ambayo ilikuwa haijatengenezwa. Picha inajibu lile lile tu ulilopiga.

Mfano mzuri kuliko yote ni ule ugonjwa niliosema nitautaja. Kuna fangasi anaitwa kitridi, anashambulia ngozi ya chura, na kwa vile chura anavuta maji na chumvi kwa ngozi, mwisho wake moyo unasimama. Vyura walikuwa wanakufa kwa wingi Australia, Panama, sehemu kibao, na sababu haikujulikana, fangasi mwenyewe amepewa jina mwaka 1999 tu. Swali likawa je, alikuwepo siku zote au amekuja juzi? Hapo utauliza nani? Picha haina jibu. Watu wakarudi kwenye makabati, wakachukua vyura wa jenasi (yaani kundi la spishi ndugu) ya Xenopus, wale wa majini wenye kucha, 697 waliokusanywa kusini mwa Afrika tangu 1879, wakakata kipande kidogo cha utando wa kati ya vidole wakakiangalia kwenye hadubini. Wakamkuta fangasi kwenye chura wa mwaka 1938. Fikiria huyo aliyemtia chura kwenye spiriti mwaka 1938, hata kama ungemweleza habari ya kitridi asingekuelewa unasema nini, alikuwa anakusanya tu kwa sababu zake, na chura akakaa miaka sitini na kitu akisubiri swali.

Matokeo hayo yalitoka 2004, na watu wakasema basi chimbuko ni Afrika, ugonjwa ulisafiri na Xenopus. Na kweli hawa vyura walisafirishwa sana dunia nzima, kuanzia miaka ya 1930 walikuwa ndo kipimo cha mimba, unamdunga chura jike mkojo wa mwanamke, akitaga mayai siku hiyo hiyo au kesho yake basi mama ni mjamzito (naapa si utani, mahospitali makubwa yalikuwa na matanki ya vyura). Mwaka 2010 wengine wakafungua chupa za Kameruni wakamkuta fangasi kwenye chura wa 1933. Baadaye 2018 uchunguzi wa vinasaba vya fangasi mwenyewe ukaelekeza kwingine, Asia ya Mashariki, upande wa rasi ya Korea. Kwa hiyo hadithi imegeuka njiani na hilo halinisumbui hata kidogo, ndo raha yenyewe ya kuwa na ushahidi kabatini, unaweza kubishana nao, na watakaokuja watatubishia na sisi.

Sasa umeelewa kwa nini ulikuwa unaona wanasugua mabuti kwa dawa kabla ya kuhama mto? Hawakuwa wanaogopa uchafu wa kwenu. Waliogopa kuwa wao ndo gari la fangasi.

Mfano mwingine naupenda kwa sababu ni wa ajabu tu. Kule Kameruni na nchi za jirani kuna chura anaitwa Trichobatrachus robustus, dume lake wakati wa kuzaliana linaota vitu kama manyoya mapajani na ubavuni. Tangu mwanzoni mwa karne iliyopita ilijulikana kwamba miguu yake ya nyuma ina kucha kali za mfupa, wawindaji wa huko wanazijua wanamchoma kwa mkuki au panga ili asiwachane mikono. Lakini zinatokaje? Mwaka 2008 watafiti wa Marekani wakakaa na vyura wa makumbusho wakawachunguza mpaka ndani ya vidole wakagundua mfupa wa ncha ya kidole umeshikwa na kinundu kidogo cha mfupa kwa nyuzi ngumu, chura akibanwa anakaza msuli, mfupa unang'oka kwenye kile kinundu unatoboa ngozi yake mwenyewe unatokea nje. Anajichana ili akuchane. Huwezi kuliona hilo kwenye picha hata uwe na kamera ya namna gani.

Tuje nyumbani. Unawajua vyura wanaozaa? Sio wanaotaga, wanaozaa watoto kamili wenye miguu, bila kiluwiluwi kuogelea popote. Ni jenasi ya Nectophrynoides na ipo Tanzania tu, kwenye milima yetu hii. Mmoja wao, Nectophrynoides viviparus, alipewa jina mwaka 1905 na Mjerumani Tornier wa makumbusho ya Berlin, na kwa zaidi ya miaka mia kila chura wa aina hiyo mwenye matezi yaliyovimba aliyeonekana kwenye milima ya kusini alikuwa anaitwa jina hilo hilo. Watafiti walikuwa wanahisi kuna zaidi ya mmoja humo ndani. Tatizo ni hili: jina la kisayansi linafungwa kwenye mwili maalumu, kama hati ya kiwanja vile. Ukigundua kumbe ni vyura wanne tofauti, lazima ujue kwanza lile jina la zamani ni la nani kati yao, na mwenye hati yupo Berlin kwenye chupa tangu enzi za Mjerumani. Miaka ya nyuma ungekwama hapo. Lakini sasa hivi vinasaba vilivyochakaa vinasomeka vipande vipande, wakatoa kwenye miili ya zaidi ya miaka 120, wakalinganisha na wa siku hizi pamoja na sauti zao, na mwaka 2025 yakatoka majina matatu mapya: luhomeroensis, uhehe na saliensis. Ukisoma hayo majina unajiona upo nyumbani.

Na kuna jina lingine zuri kuliko yote, Churamiti maridadi, lilitolewa mwaka 2002, sihitaji kukutafsiria. Ni wa milima ya Ukaguru. Wameonekana wachache mno. Mwaka 2019 timu ilikwenda kumtafuta, hawakumpata, wakapata mwingine mdogo ambaye hawakuwa wanamtafuta, akaitwa Hyperolius ukaguruensis mwaka 2023. Huyu halii. Dume la chura lisilolia! Tunasema kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji, sasa huyu hata hizo kelele hana, inadhaniwa wanatambuana kwa vimiba vidogo vilivyopo kooni kwa madume. Na vimiba hivyo ili uvione vizuri, uvihesabu, ulinganishe na vya ndugu zake wa milima mingine, lazima uwe na mwili chini ya hadubini.

Kuhusu picha peke yake, watu wameshajaribu. Mwaka 2015 wataalamu wawili walitoa jina la nzi mpya wa Afrika Kusini kwa kutumia picha tu, nzi mwenyewe hawakuwa naye, na wanasayansi wakagombana kwa kuandikiana barua mpaka ikachosha. Mimi nipo upande wa wanaotaka mwili. Si kwa ushabiki ila kwa sababu nimewahi kukosea, nilimtambua chura kwa picha nikajiamini kabisa, alipofika mezani nikamgeuza nikakuta utando wa vidole sio kabisa.

Lakini usidhani nakubali kila kitu. Wewe umesema vyura wanaisha, na ni kweli, na hapa ndo pagumu. Chukua vyura wa maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa. Waligunduliwa 1996 wakati wa kuchunguza mazingira ya mradi wa umeme, wanaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, eneo la kama hekta mbili hivi dunia nzima, yaani shamba la mtu. Wadogo, wa njano, mama mwenyewe hafiki sentimita tatu na mtoto akizaliwa anakaa juu ya ukucha wako nafasi inabaki. Bwawa likaanza kazi, maji ya maporomoko yakapungua kwa asilimia 90, manyunyu yakakauka. Wakawekewa mabomba ya kunyunyizia, wakaonekana wanajitahidi, halafu 2003 wakaanguka ghafla na kwenye waliokufa akakutwa kitridi. Mara ya mwisho kuonekana porini ilikuwa 2004, na 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Waliobaki ni kizazi cha wale 499 waliopandishwa ndege mwaka 2000 kwenda bustani za wanyama Marekani, watu walicheka sana vyura kupanda ndege, lakini 2010 wakaanza kurudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na 2012 wakarudishwa Kihansi.

Kwa chura kama huyo ukija na dumu la formalini mimi mwenyewe nitasimama mlangoni. Anayekufa mwenyewe kwenye matanki ndo anakuwa spesimeni, inatosha. Akiwa hai unapitisha usufi kwenye ngozi yake, fangasi anapimwa hapo, unapiga picha, unarekodi, unamwacha. Na jenasi yake yote, ile ile ya Nectophrynoides, ipo kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huwezi kumsafirisha kihuni. Ila chura wa kawaida wa mabwawani, jike moja linataga mayai mamia kwa maelfu na karibu wote wanaliwa kabla hawajakua, nikichukua watano kwenye bwawa la mia kadhaa sijaliyumbisha bwawa. Mimi sizidi hapo kwa sehemu moja mpaka niwe na sababu ninayoweza kuisema mbele ya watu. Wazee wa zamani hawakuwa hivyo, ukifungua makabati yao unakuta mamia ya chura mmoja kutoka kijito kimoja, na sitawatetea, ingawa hao hao mamia ndo wanatufaa leo kuhesabu magonjwa. Yote mawili ni kweli na inabidi uishi nayo.

Halafu tuwe wakweli pia kuhusu nani anawamaliza. Chura mkubwa kuliko wote duniani, Conraua goliath wa Kameruni na Guinea ya Ikweta, anaweza kupita kilo tatu, huyo anaishia kwenye sufuria, na mito yake inaharibiwa. Huku kwetu ni msitu kukatwa na kijito kuchepushwa. Mtu mmoja akifyeka bonde moja kulima iliki au chochote, ameondoa vyura wengi kuliko makabati yangu yote, na hana lebo hata moja.

Wakati mwingine kabati ndo linalotuambia tumepoteza nini au bado tunacho. Kule Mlima Elgon upande wa Kenya kuna chura wa kwenye maji yaendayo kasi, Arthroleptides dutoiti, hajaonekana tangu 1962, tunajua umbo lake kwa sababu ya chupa. Burundi kulikuwa na Cardioglossa cyaneospila, mara ya mwisho 1949, watu walishamkatia tamaa, mwaka 2011 akapatikana tena msitu wa Bururi, na waliompata walijua ni yeye kwa sababu walikuwa na wa zamani wa kumlinganisha naye. Bila wa 1949 angeokotwa kama chura yeyote.

Umeuliza wanapelekwa wapi, na hapo una haki ya kununa. Wa enzi za Mjerumani wengi wapo Berlin. Wa enzi za Mwingereza wapo London, na mzigo mkubwa upo Harvard, Marekani, kwa sababu Arthur Loveridge, aliyeanzia makumbusho ya Nairobi mwaka 1914, alihamia huko 1924 akawa anarudi milima yetu kukusanya. Mtanzania akitaka kumwona chura wa kijiji chake alikuwa anatakiwa viza. Na ukisoma lebo za zamani jina lililopo ni la bwana mkubwa, aliyeingiza mkono kwenye shimo la maji usiku hayumo. Hilo linanikera mpaka kesho.

Limebadilika kiasi. Mgeni lazima apate kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na awe na mwenyeji anayefanya naye kazi, wanyamapori kuna TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), msitu kama wenu kuna TFS (wakala wa misitu), kutoa nje ya nchi kuna karatasi nyingine, na tangu 2014 mkataba wa Nagoya unafanya kazi, unaosema faida ya viumbe vya nchi igawanywe na nchi. Spesimeni siku hizi zinagawanywa, nyingine zinabaki nchini. Na kuna jingine limenifurahisha, makumbusho za Marekani zimepiga skani ya CT miili zaidi ya 13,000 ya wanyama wenye uti wa mgongo, kazi imeisha 2023, unaweza kuona mifupa ya chura kwenye skrini bure bila chupa kufunguliwa. Kuona mifupa kwenye simu sio sawa na kumiliki kabati, najua. Na sisi wenyewe tukiletewa kabati tunaliacha likauke, kama wale vyura wangu kumi na moja.

Kwa hiyo wakija tena waambie wakuonyeshe kibali, wala sio ujeuri, mtafiti halali anacho begini na anafurahi kuulizwa. Waambie jina lako liandikwe kwenye daftari pale panaposema amekamatwa na nani, kama wewe ndo ulimshika. Na waulize matokeo yatarudi kijijini kwa njia gani, kwa Kiswahili, sio karatasi ya Kiingereza ya kurasa arobaini.

Nimalizie na chura wa kwenu maana sidhani kama walikwambia. Mwaka 1928 Loveridge na mwenzake Barbour walitoa jina Parhoplophryne usambarica, chura mdogo kutoka hapo hapo Amani, jina lake la Kiingereza linataja mkanda mweusi. Walikuwa naye mmoja. Tangu miaka ya 1920 hakuna aliyemwona wa pili, wengi wameshatafuta. Yaani spishi nzima, jenasi nzima, ni mwili mmoja kwenye chupa moja Harvard. Ndugu zake, jenasi ya Hoplophryne, wapo huko mnawapita kila siku, wanazaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya mianzi iliyovunjika na kwenye makwapa ya majani ya migomba, kwa hiyo mimi ningekuwa kijana wa huko mwenye tochi ningeanzia hapo, mvua zikianza.

Ukimpata chura unayemtilia shaka usimuue wala usimtie kwenye spiriti. Lowanisha mkono wako kwanza, piga picha mgongoni, ubavuni, tumboni, vidole vya mbele na vya nyuma, weka kiberiti pembeni nijue ukubwa, ukisikia mlio rekodi hata kwa simu, andika saa na mahali, mrudishe pale pale, kisha nitumie.

Na najua utaniuliza, je dokta ungekuwa wewe umempata, ungemuua? Wa kwanza, baada ya miaka karibu mia, hapana. Ningepitisha usufi kwenye ngozi, ningechukua ncha ya kidole kimoja kwa ajili ya vinasaba, ningerekodi usiku kucha kisha ningemwacha. Tukipata wa pili na wa tatu na wa kumi kwenye bonde lile lile, hapo nitakaa chini nihesabu, na huenda nikakuomba uje ushike tochi wakati naandaa trei.